Kamanda Ahesabu Upya

Ukitaka kusikia mabaya ya Kamanda, usihangaike kuwatafuta maadui zake. Muulize mwenyewe. Hakuna anayemsema vibaya kuliko yeye, na husema kwa raha zote, mguu mmoja juu ya mwingine, kana kwamba anamsimulia jirani fulani mpumbavu aliyehama zamani. Atakwambia jina la Kamanda hakulipata jeshini, maana jeshi hajawahi kuliona hata lango lake. Alilipata kwa sababu ya filimbi. Atakwambia kwamba katika nyumba ya mapumziko kule juu mlimani yeye ndiye fundi wa mabomba, fundi wa paa, mwasha jenereta na mfukuza popo darini. Kisha atajiweka sawa na kukitamka cheo chake cha mwisho: Mkuu wa Usalama wa Moto. Hapo hucheka mpaka akakohoa.

Nyumba yenyewe iko mbali na watu. Lami huishia bondeni, halafu gari hupanda njia ya changarawe katikati ya misonobari mpaka masikio yanaziba. Wageni hupanda huko kutafuta utulivu, na kanuni ni moja tu: tangu kunapokucha hadi chakula cha jioni, mgeni hasemi wala hasemeshwi. Mfanyakazi mwenye neno na mgeni alimeze mpaka jioni. Kamanda, ambaye mdomo wake haukuwahi kupewa likizo, aliiweza kanuni hiyo kwa sababu ya mkewe. Mkewe ndiye aliyekuwa na chumba cha kufulia, na mle ndani kusema kulikuwa ruksa. Akishafunga koki huku na kuziba paa kule, Kamanda alikwenda kummwagia maneno yote aliyoyabana tangu asubuhi. Mke alisikiliza nusu, nusu nyingine akauachia mvuke wa pasi.

Kila kundi jipya la wageni lilipofika, siku ileile ya kwanza Kamanda aliwafanyisha mazoezi ya moto. Alipiga filimbi, nao wakakusanyika uani kwenye kamba za kuanikia mashuka, kwa kuwa pale ndipo palipokuwa peupe, pasipo mti wala nyasi ndefu. Akapita kwenye mstari akimgusa kila mtu begani na kuhesabu kwa sauti. Tatizo ni kwamba Kamanda na hesabu hawajawahi kupatana. Akifika katikati, akiona nzi, au kiatu kizuri, namba inamponyoka. Kwa hiyo mkewe alisimama kuliani kwake akikunja vidole, na Kamanda akipotea alimgeukia tu, naye akamwambia wamefika wangapi. Ndivyo walivyofanya miaka nenda rudi. Wageni walihesabiwa wote. Mkewe hakuhesabiwa hata siku moja, kwa sababu yeye alikuwa upande wa kuhesabu.

Siku ya moto upepo uligeuka mchana. Moshi uliokuwa ng'ambo ya bonde, ambao Kamanda alikuwa amewahakikishia watu wote kwamba "hauji huku, nawaambieni mimi," ukaja huku. Kamanda akapiga filimbi mpaka mashavu yakamuuma. Wageni wakatoka vyumbani polepole, wanatabasamu, wakidhani ni mazoezi mengine, na kwa vile ilikuwa saa za kimya hakuna aliyeuliza. Ilibidi awashike vichwa wengine na kuwageuza wautazame mlima. Hapo mbio zikaanza. Akawapanga kwenye kamba, akawagusa mabega mmoja mmoja, akahesabu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake namba haikumponyoka. Furaha hiyo ndiyo iliyomponza. Akajipiga kifua, akapaza sauti, "Wote tupo!" Akaingia kwenye lori, akakaa mbele na dereva, begi lake la dharura mapajani, wakateremka.

Mkewe alikuwa chumba cha kufulia. Mashine ilikuwa inanguruma, maji yanamwagika, filimbi hakuisikia. Alipotoka na beseni la mashuka alikuta kamba hazina mtu, na vumbi la lori likitua barabarani. Akaita jina la mumewe, lile halisi. Hakujibiwa. Gari la zimamoto lililokuwa likipita kukagua ndilo lililomchukua, na kwa kuwa lilipitia njia ya mkato ya wakata miti, alifika chini kabla ya lori.

Watu walipewa hifadhi katika ukumbi wa shule. Kamanda aliposhuka, bado kichwa kimemvimba kwa hesabu yake safi, akamkuta mkewe amekaa kwenye benchi, masizi usoni, beseni miguuni. Akamwambia kwa bashasha:

"Ah, mke wangu! Umewahi kiti."

Mkewe alimtazama. Akamtazama tena. Kama Kamanda angekuwa amemsahau, halafu akakumbuka njiani na kulia na kumpiga dereva, hilo lingesameheka siku hiyohiyo. Lakini huyu bwana hakuwa na habari. Alikuwa ameteremka mlima mzima bila kuona kwamba kuliani kwake hakuna mtu. Mke hakumgombeza. Alikunja shuka moja lenye majivu, akalilaza juu ya mengine, akaanza kumwita Kamanda kama watu wengine wanavyomwita. Mpaka siku hiyo alikuwa akimwita baba watoto.

Usiku huo ukumbini, ili kuokoa heshima, Kamanda alifungua begi la dharura mbele za watu. Ndani mlikuwa na tochi isiyo na betri, spana ya pampu, pakiti ya biskuti zilizokuwa zimekwisha kuwa unga, na filimbi ya pili, endapo ya kwanza ingeungua. Blanketi, hakuna. Huwa anakisimulia kisa cha begi kwa mbwembwe na watu wanavunjika mbavu. Kile cha benchi hukisimulia taratibu.

Mkewe alikwenda kukaa kwa dada yake mjini. "Nyumba ikifunguliwa, wewe rudi," alimwambia. "Kazi ni kazi. Mimi huko sihesabiwi, sina nilichosahau."

Moto ulipozimika, wafanyakazi walipanda kuona kilichobaki. Jengo kubwa lilikuwa limesimama, limekuwa jeusi upande mmoja. Vibanda vya nyuma vilikuwa vimeteketea. Mabomba ya plastiki yalikuwa yameyeyuka na kujikunja, na misonobari ilibaki vijiti vyeusi hadi ukingoni mwa mlima. Mlezi, mama mnene mpole anayeisimamia nyumba, alishika kiuno, akasema, "Haya. Tuanze na madirisha." Wakaanza na madirisha. Walisugua masizi kwa magazeti na sabuni, wakazoa majivu kwa makoleo, wakafukua mabomba na kulaza mengine. Kamanda alifanya kazi ya watu wawili na kusema ya watu wanne.

Kila alipopata siku ya mapumziko alijitia manukato na kuteremka mjini. Shemeji yake alimfungulia, mkewe alimletea chai, wakakaa. Njia nzima alikuwa amejifunza maneno matatu, "nimekosa, nisamehe", ambayo ukiyahesabu utaona kweli hesabu si fani yake. Akifika, mdomoni yanatoka mengine. Alieleza habari za mabomba. Alieleza kipenyo chake, viungio vyake, na jinsi muuza duka alivyotaka kumpa yaliyopasuka. Mkewe alimtazama juu ya kikombe.

Siku moja shemeji alishindwa kuvumilia. "Shemeji, umekuja kuomba msamaha au kutangaza bidhaa?"

"Nilikuwa naelekea huko," alisema Kamanda.

"Unaelekea kwa kupitia tangi la maji?"

Mkewe alicheka kidogo, halafu akajuta kucheka, akaondoa vikombe. Kamanda alipanda mlima siku hiyo anajitukana kwa sauti. Alikuwa anaogopa. Alimpenda yule mwanamke kuliko kitu chochote, na alijua kwamba akizoea kwa dada yake, akapata kazi mjini na kitanda chake na majirani zake, basi kwisha, yeye atazeeka na filimbi.

Mlezi akakata shauri: nyumba itafunguliwa, vibanda au bila vibanda, na wa kwanza kualikwa ni wale waliokimbizwa siku ya moto. Kazi ya mashuka ikamwangukia Kamanda. Aliyafua. Yakatoka na harufu ya moshi. Akayarudia, akatia sabuni maradufu, yakakauka magumu kama mbao na bado yananuka. Akayaanika nje yapate hewa, upepo ukaleta majivu kutoka mlimani, akayafua tena. Ya pasi ndiyo hatusemi. Alichora alama ya pasi kwenye foronya moja, nzuri, kamili, mpaka tundu za mvuke. Alisimama katikati ya kile chumba chenye joto, akafungua mdomo kusimulia habari za siku, akakumbuka hakuna wa kumsikiliza. Akaketi juu ya kikapu cha nguo chafu. Akalia, halafu akajicheka kwa kulia, halafu akaendelea kulia.

Siku ya kufungua, gari la wageni lilipanda mchana. Walishuka mmoja mmoja, kimya kama ilivyo kanuni, wanaitazama milima myeusi. Wa mwisho kushuka alikuwa mwanamke mwenye kofia pana ya jua na mkoba wa kuazima. Kamanda aliutambua mkoba kwanza. Ulikuwa wa shemeji. Halafu akamtambua mwenye kuubeba, akafungua mdomo.

Mlezi alimwahi, akamvuta pembeni. "Funga mdomo," alimnong'oneza. "Huyo ni mgeni, chumba cha mwisho. Na sasa ni saa za kimya."

"Mgeni? Mama, huyo ni mke wangu!"

"Alinipigia simu. Kasema anataka kuja kama mgeni, kwa sababu hapa wageni ndio huhesabiwa."

Kamanda akauchukua ule mkoba, akatangulia. Alikuwa na msamaha wa kuomba, maneno yake yote matatu yamepangana ulimini, kwa mara ya kwanza yako tayari, na kanuni ya nyumba inamzuia kuyatoa. Akamfungulia mlango wa chumba cha mwisho. Mgeni aliingia, akazunguka, akapitisha kidole kwenye kioo cha dirisha, akaridhika. Akainama, akanusa shuka. Akageuka na kumtazama mumewe muda mrefu. Kisha akaiona foronya yenye alama ya pasi, akaiinua kwa ncha za vidole viwili, kama mtu anayemwinua panya kwa mkia. Kamanda aliinamisha kichwa, akatoka kinyumenyume.

Kabla ya chakula cha jioni alipiga filimbi. Safari hii hakuna aliyetoka akitabasamu. Wageni walikuja mbio, wengine bila viatu, wakajipanga kwenye kamba, macho yao mlimani. Mkewe alisimama mwanzo wa mstari, kofia mkononi.

Kamanda alimwendea. Akamwekea mkono begani.

"Mmoja," alisema.

Mkono ukakataa kuondoka. Alilisikia lile bega chini ya kiganja, lina joto, linapumua, na picha ya benchi ikamjia, na ya beseni, na ya kamba tupu asizoziona siku ile, na mtu anayemwita jina lake halisi katikati ya moshi. Machozi yakamtoka mbele za wageni. Alipotaka kwenda kwa wa pili hakujua tena amefika wapi. Akageuka kuliani kuuliza, kama alivyozoea. Hapakuwa na mtu.

Akapaona. Nafasi ile aliiona sasa, tupu, pana kama uwanja.

Akarudi mwanzo, akaweka mkono tena. "Mmoja," alisema, na namba ya pili haikuja. Alijaribu mara nyingine. "Mmoja." Wageni walisubiri kimya. Mlezi alikuwa anatazama juu kwa bidii, kana kwamba kuna kitu angani.

Mkewe akavunja kanuni ya nyumba, waziwazi, saa za kimya, mbele ya watu wote.

"Baba watoto," alisema, "nimeshahesabiwa. Endelea na wenzangu, watu wana njaa."

Akavaa kofia yake, akatoka kwenye mstari, akaja kusimama kuliani kwake. Akainua mkono na kukunja kidole gumba.

"Huyu mimi," alisema. "Haya, wa pili."