Kizibo cha Nne

Niliingia karakana ile kama mshonaji. Ilikuwa Kensington, nyuma ya duka la matairi, uwanja wa zege uliojaa boti zilizopandishwa juu ya trela, na kazi yangu ilikuwa kushona maturubai ya kuzifunika. Watu wa nyumbani hucheka nikiwaambia kwamba Johannesburg, mji usio na bahari wala ziwa, boti ndizo zilizonilisha miaka minne. Lakini wenye nafasi wanazo. Huzipeleka Bwawa la Vaal wikiendi za joto, na ikifika Mei huzirudisha mjini zilale mpaka Septemba.

Mimi natoka Kigoma, kando ya ziwa. Fundi wa injini alitoka Kalemie, ng'ambo ya ziwa lile lile. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, msikilizaji kuliko msemaji. Sote tulipanga mtaa wa Berea, yeye na mkewe jengo moja, mimi jengo lingine. Aliniita mama ingawa nilikuwa mdogo kwake sana, ndivyo walivyozoea watu wa kwao. Mimi nilimwita fundi.

Mwaka wangu wa pili, majira ya baridi yakikaribia, alinijia kwenye cherehani.

"Mama, nionyeshe mukono."

Nikaunyoosha. Akautazama kama anayepima kitambaa.

"Huu utaingia. Wangu unakwama."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kulaza injini. Injini za boti zile hupozwa na maji ya bwawa yanayozunguka ndani ya chuma cha injini. Ukiyaacha humo, baridi ya Julai huyagandisha, yanavimba na kukipasua chuma. Kwa hiyo tuliwasha injini huku tukiilisha maji kwa bomba la mpira mpaka ipate moto, tukamwaga oili chafu, tukatia mpya, tukapuliza mafuta kwenye silinda zisishike kutu. Kisha tukafungua vizibo vya chini, kimoja kila ubavu, maji yatoke. Hapo ndipo palipotaka mkono mwembamba. Na haikutosha kufungua. Mchanga na kutu huziba tundu kwa ndani, yanatoka matone mawili matatu, unadhani yamekwisha kumbe yamejaa. Lazima uchokonoe kwa waya mpaka yamwagike.

Nilimweleza mama yangu kwenye simu. "Maji yapasue chuma?" akasema. "Wee mtoto, unaniona mimi mjinga?"

Fundi alikuwa na utaratibu wake. Mimi nilifungua na kuchokonoa, yeye akapita mwisho, akaingiza ncha ya kidole au waya kila tundu alilolifikia, ndipo nikafunga vizibo, naye akaipigia boti alama kwenye orodha ya bosi. Sikuona sababu ya kazi yangu kukaguliwa tena.

Siku moja injini ikiwa bado ya moto, aliegemea bomba la eksozi akinieleza jambo. Nilisikia harufu kabla sijaelewa.

"Fundi, vidole!"

Alitazama chini taratibu, kama vile vidole ni vya mtu mwingine. Ngozi ilikuwa imeshika kwenye chuma. Aliutoa mkono, akaufunga kitambaa.

"Haina shida," akasema. Kisha, bila kuniangalia: "Ni sukari. Mwaka sasa ncha za vidole hazisikie kitu. Usimwambie patron."

Sikumwambia bosi. Tangu siku ile nilijua anapopita mwisho na kugusa, anagusa kwa mazoea tu. Masikio yake yalikuwa bado mazima. Aliweza kusimama mbali na kusema plagi ipi haiwaki. Kushika na kusikia kwa mkono ikawa kazi yangu, ingawa orodha iliendelea kuwa yake.

Baridi ya mwaka 2017 ilikuja na haraka yake. Bosi, Mzungu wa makamo aliyezaliwa mitaa hiyo hiyo, alitoka ofisini akasema redio imetangaza baridi kali inapanda kutoka Cape, na boti kumi na moja zilikuwa bado na maji. Tukafanya kazi siku nne mfululizo. Asubuhi majani ya ukingo wa barabara yalikuwa meupe kwa umande ulioganda, spana zinauma mkononi. Nilikuwa na mafua yaliyonishukia kifuani. Jioni nilifika chumbani nikalala bila kula.

Boti ya mwisho ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote. Ilikuwa na injini mbili, jiko, choo, bafu na tangi la maji ya kunywa. Fundi alichukua mabomba. Alimwaga tangi, akafungua bomba moja moja, kisha akasukuma dawa ya rangi ya waridi, ya kuzuia maji yasigande, ipite kila mahali, mpaka ikatoka jikoni, ikatoka bafuni, ikatoka chooni. Injini akaniachia.

Vizibo vitatu nilivifanya vizuri. Cha nne kilikuwa injini ya pili, upande wa ubavu wa boti, mahali ambapo lazima ulale kifudifudi na kupitisha mkono mpaka begani. Nilikifungua. Yakatoka matone, yakakoma. Nikanyoosha mkono wa pili kutafuta waya, sikuuona. Nilikuwa nimeuacha chini, kwenye zege, pembeni ya trela. Nilitakiwa nijikwamue, nishuke ngazi, nipande tena, nilale tena. Nililala pale pale, shavu juu ya chuma baridi, nikikohoa. Nadhani nilifumba macho kidogo.

Fundi akaita kutoka jikoni mwa boti. "Umechokonoa vyote?"

"Vyote," nikasema.

Akaja, akajipinda, akapitisha kidole chake ncha tu, kwa shida, nikafunga vizibo, naye akapiga alama. Usiku ule maji yaliganda kwenye ndoo uani kwetu Berea. Nilipoyaona asubuhi niliikumbuka ile injini. Nikajiambia matone yalikuwa yamekwisha kweli. Nilijiambia hivyo Julai yote.

Septemba wenye boti ile kubwa waliishusha majini. Siku ya pili ikarudi juu ya trela. Bosi alichomoa kijiti cha oili cha injini ya pili akatuonyesha. Oili ilikuwa imeingiwa na maji, imepauka kama chai ya maziwa. Alipomulika tochi ubavuni, ufa ulionekana, mrefu kama kiganja.

Nilifungua mdomo, lakini fundi alinitangulia. Alizungumza Kiingereza chake cha polepole. Akasema ni kosa lake. Akasema yeye ndiye anayekagua mwisho, kidole chake kilipita kwenye mchanga na hakikusikia, kwa sababu vidole vyake havisikii tena, na alificha. Alisema yote, mikono ameishusha pembeni.

Nami nikanyamaza.

Bosi hakupiga kelele. Alikaa kwenye ngazi ya trela. Alisema hawezi kumwachia injini mtu asiyesikia anachoshika, na kwamba fundi amalize mwezi. Nilijiambia nitasema wakati wa chai. Chai ikapita. Nikajiambia kesho. Fundi alifuta spana zake kwa mafuta ya taa, akazipanga kwenye sanduku, mimi nikishona turubai hatua tano kutoka kwake, cherehani ikinguruma ili nisisikie.

Nilikwenda kwao Jumapili ya pili baada ya kuondoka kwake, watu wametoka kanisani. Mkewe alinikaribisha, akachemsha chai. Sikuingoja.

"Fundi, kizibo cha nne sikukichokonoa. Waya ulikuwa chini. Uliniuliza, nikakudanganya."

Mkewe alisimama na birika mkononi. Fundi alitazama zulia.

"Mama, mimi niko naomba Mungu anisamehe ile kosa. Kila siku asubuhi."

"Najua."

"Hapana. Haujue." Akaviangalia viganja vyake. "Vidole vimekufa, hiyo ni kweli. Ningeacha kazi mimi mwenyewe, mwaka huu ao mwaka kesho. Lakini ningeenda bila kuwaza kama nimepasua injini ya mutu."

Hakunifukuza. Hakuninywesha chai pia. Kikombe kilibaki tupu mbele yangu na mkewe hakukijaza. Niliaga, na hakuna aliyenisindikiza mlangoni.

Jumatatu nilimwambia bosi. Alinisikiliza akiwa amesimama, akasema, "Eish, mama." Alimpigia fundi simu mbele yangu kumwambia alichosikia, lakini kazini hakumrudisha, vidole vilikuwa vile vile. Mimi alinibakiza, kwa kuwa hakuwa na mwingine aliyejua kazi. Nilitamani anifukuze nipumzike.

Baridi ya 2018 nilizilaza boti zote peke yangu. Nilichokonoa kila tundu mpaka mkono ukafa ganzi, na bado asubuhi za baridi niliamka nikihesabu vizibo. Fundi alipata kazi ya kukaa getini kwenye jengo moja la Berea. Nikipita alinijibu salamu kwa kichwa. Karibu mwaka ulipita hivyo, mpaka siku moja alinisimamisha, akauliza ile boti ya injini mbili kama bado inaletwa. Nikamwambia waliiuza.

"Walifanya muzuri," akasema. "Injini moja mupya na nyingine ya zamani, haziendi sawasawa."

Tulizungumza habari za injini kama dakika kumi, amesimama upande wake wa geti na mimi upande wangu, kisha gari likataka kuingia, akaenda kulifungulia.

Niliacha kazi ile mwaka 2019, kabla boti hazijaanza kurudi kutoka bwawani. Nilimwambia bosi nimechoka. Akasema ananielewa, ila kwanza nimmalizie turubai moja.