Mashua Iliyotibiwa Kiogoro

Manasseh Ogari wa Kiogoro hakujua kuogelea, na hadi alipofikisha miaka thelathini na minane hakuwa amewahi kupanda mashua. Kazi yake ilikuwa kuwafunga plasta waliovunjika mifupa, katika hospitali moja mjini Kisii. Wagonjwa walimwita daktari, naye alikuwa amechoka kuwasahihisha.

Shukrani iliyomkaa moyoni ilianza mwaka wa 1969. Mkewe Nyamoita, muuza samaki wakavu sokoni Keroka, aliteremka Homa Bay kuchukua mzigo akiwa na mimba ya miezi minane. Mvua ikakata barabara, na uchungu ukamshika huko huko. Mvuvi mmoja, Okelo, na mkewe Aloo wakampokea kwao kama dada yao. Mtoto akazaliwa salama juu ya mkeka wa Aloo, na kwa majuma matatu Nyamoita akanyweshwa uji na mchuzi wa samaki mpaka barabara ilipofunguka. Mtoto wakamwita Kwamboka, jina la aliyezaliwa mama yake akiwa amevuka kwenda ugenini. Manasseh alipeleka ndizi, akapeleka mbuzi, na bado akahisi hajasema asante.

Mwanzoni mwa 1973 dhoruba iliipiga mashua ya mbao ya Okelo kwenye mawe, ikavunjika vibaya. Tangu hapo Okelo akawa anavua katika mashua za wenzake.

Muda si mrefu Manasseh alipeleka vifaa kwenye zahanati ya misheni karibu na ziwa. Nyuma ya jengo aliona mashua ya faibaglasi, ile ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, imelala kifudifudi kwenye nyasi. Mzungu aliyekuwa akivulia nayo alikuwa amerudi kwao. Ilikuwa na ufa wa urefu wa mkono, na ubao wake wa nyuma ulikuwa umeoza.

"Padri, hii ni ya nani?"

"Ya kuku wanaotagia chini yake," padri akasema. "Ukiweza kuibeba, ibebe."

Lori la ndizi lililokuwa likirudi tupu liliipandisha hadi Kiogoro. Majirani wakaja kuuliza kama ni birika la kunyweshea ng'ombe. Nyamoita akaizunguka mara mbili.

"Baba Kwamboka, umewahi kutengeneza hata mlango?"

"Sijawahi. Lakini hii nimeitazama vizuri. Ni kitambaa na kitu kinachoganda. Kama plasta tu."

Haikuwa kama plasta tu. Aliagiza kitambaa na gundi kwenye duka la vifaa mjini, akabandika juu ya rangi ya zamani, katika manyunyu ya Aprili. Baada ya juma moja alikigonga kiraka kwa kidole, nacho kikabanduka kizima, kama ganda la kiazi kilichochemshwa. Manasseh akakaa kwenye nyasi.

Siku ya pili alikitia kiraka kwenye mfuko akaenda nacho Keroka kwa Ishmael Nyangau, fundi wa bodi za magari. Ishmael alikigeuza, akatazama upande wa ndani.

"Daktari, mtu akija na kidonda chenye usaha, unakifunga hivyo hivyo?"

"Hapana. Nasafisha kwanza."

"Sasa umekuja kuniuliza nini?"

Wakacheka wote wawili. Kisha Ishmael akamwonyesha: kukwaruza mpaka penye uzima, kungoja pakauke kabisa, kutia dawa ya kugandisha ndani ya gundi kwa matone tu. Wakati wa kuagana alimpa na nusu robota ya kitambaa chake mwenyewe.

Miezi ikapita Manasseh akikwaruza kila jioni, isipokuwa Sabato. Vumbi la kioo lilimwasha shingo na mikono, hivyo Nyamoita akamshonea koti la mikono mirefu. Kiangazi cha Januari kilipofika, yeye ndiye aliyekata vitambaa, kidogo kwanza, kisha kikubwa, kisha kikubwa zaidi, na Manasseh akalaza kimoja juu ya kingine. Mara moja alifanya haraka akazidisha dawa. Kopo la gundi likaanza kufuka moshi mkononi, akalitupa migombani, na Nyamoita akacheka mpaka akakaa chini.

Seremala wa kanisani kwao aliwachongea ubao mpya wa nyuma, mnene wa kubeba injini, ingawa Okelo hakuwa nayo. Viti Manasseh alivibuni mwenyewe. Alivifanya masanduku, ndani akafungia mitungi mitupu ya plastiki, ili mashua ikijaa maji isizame. Kwa mtu asiyejua kuogelea, habari ya kuzama alikuwa ameifikiria sana.

Februari 1974 waliishusha Homa Bay. Okelo akaigonga kwa ngumi.

"Inalia kama sufuria. Nani ameitengeneza?"

"Mimi."

"Basi panda wewe kwanza, shemeji."

Manasseh akapanda, ameshika kingo zote mbili. Walipofika mbali na ufuo, maji yakaanza kupenya kwenye bolti moja. Uso ukamshuka. Okelo akachovya kitambaa kwenye grisi, akaziba.

"Hilo ni tone tu. Ile yangu ya zamani nilikuwa nachota maji kutwa."

Walipotua, Manasseh akaanza hotuba aliyoitunga tangu Kiogoro. Aloo akamkatiza.

"Mkeo alikunywa uji wetu majuma matatu. Wewe umekwaruza miezi kumi. Ungekuja kula tu, tungefurahi vilevile. Nawa mikono."

Sabato iliyofuata, Manasseh alisimama kanisani akamshukuru Mungu kwa ajili ya padri, dereva wa lori, Ishmael, seremala na mkewe, mpaka mzee wa kanisa akakohoa.

Mwaka wa 1976 barua ilifika hospitalini. Chama cha wavuvi kilikuwa kimempa Okelo injini, na ubao wa nyuma ulikuwa umeibeba bila kutikisika. Manasseh aliisoma mara mbili, kisha akamsomea mgonjwa aliyelala pale na mguu umening'inizwa juu, mtu wa Kebirigo asiyemjua Okelo wala kuliona ziwa.

"Mungu ni mwema," mgonjwa akasema, na Manasseh akaendelea kulowesha bandeji.