Uje Unisimulie Nairobi

Harufu ya kuku anayebabuliwa motoni baada ya kunyonyolewa siipendi hata kidogo. Watu wa kwetu husikia hivyo wakashika midomo, maana Mluhya gani huyo anayekimbia harufu ya ingokho? Mawifi zangu wamenicheka mpaka wakachoka. Wacha wacheke. Nyama yenyewe nakula, sikatai, lakini vile vinyoya vidogo vikianza kuungua juu ya ulimi wa moto, harufu yake ikachanganyika na moshi wa kuni za mkaratusi, mimi huondoka jikoni nikatafuta kazi ya kufanya nje. Hunirudisha Mautuma, jikoni kwa mama yangu, mwanzoni mwa miaka ya tisini, jioni moja ya likizo ya Agosti. Mvua ilikuwa imenyesha tangu mchana. Mahindi yalikuwa yamesimama shambani mpaka yakaficha nyumba za majirani, na tulikuwa tumekula mahindi ya kuchoma hadi midomo ikawa myeusi. Mama alikuwa amemshika jogoo wa baba kwa miguu, anamgeuzageuza juu ya moto, na alikuwa akiimba nyimbo za kanisani, wimbo juu ya wimbo, bila kupumzika katikati.

Jogoo yule hakuwa wa kuchezewa. Kwetu, kuku wa namna ile alichinjwa pasta akija, au Krismasi, au mgeni mkubwa akiwa anaondoka. Mimi nilijua moja kwa moja kwamba safari hii mgeni mkubwa ni mimi. Nilikuwa nimeongoza darasani muhula ule, darasa la tano, na baba alikuwa ametangaza mbele ya kila mtu kwamba atanipeleka Nairobi, mimi na mdogo wangu Naliaka, tukaone Bunge na majumba makubwa na makumbusho. Baba! Mtu ambaye alikuwa anaweza kukaa tangu asubuhi mpaka jioni bila kumaliza sentensi. Mzee wa kanisa, mkulima wa mahindi kwenye kipande cha lililokuwa shamba la mzungu, mtu wa kuhesabu viberiti. Nilimpenda mno. Nilikuwa nambebea jembe lake tukitoka shambani ili watu wajue mimi ni wa nani. Basi aliposema Nairobi, nilitembea kijiji kizima nikiwa nimeinua kidevu, hata wenzangu wakaanza kunichukia.

Mama alitusuka nywele siku hiyo yote. Alinibana kwa magoti yake na kunivuta kichwa huku na huku, na nilipolia kwamba ananiumiza, alisema, "Vumilia, Nekesa mama. Nataka zikae sana hizi." Alikuwa hajawahi kufika Nairobi. Mbali alikokuwa amefika ni Eldoret, kwa mambo ya hospitali. "Tembea uone, si ndivyo wanavyosema?" aliniambia. "Sasa wewe ndiye macho yangu. Angalia kila kitu vizuri, usiniruke hata kimoja, uje unisimulie. Nitakungojea pale langoni, kwa ile miti ya misaiprasi. Hata kabla hujavua viatu, unaanza." Nikamwambia sawa mama, nitakusimulia mpaka uchoke. Akasema, "Mimi sichoki."

Usiku wa chakula kile lilitokea jambo ambalo sikulielewa. Firigisi, ile imondo, kwetu ni ya mwenye boma. Mwanamke haili, mtoto wa kike ndiyo kabisa, na nimesikia ndoa zikitikiswa kwa sababu ya mke aliyeionja jikoni. Mama aliitia kwenye sahani ya baba kama kawaida. Baba akaitazama, akaichukua kwa vidole, akainuka kitini, akaiweka kwenye sahani yangu mimi. Mama aligeuka akaanza kuchochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Mimi nilikula firigisi ile taratibu, nikiitafuna kwa kiburi, nikimwonyesha Naliaka jinsi inavyoliwa.

Nairobi tulifikia kwa binamu yake baba, mtaa wa Makongeni. Asubuhi yake tukaanza kutembezwa. Watoto wengine huenda mjini kustarehe, mimi nilikuwa nimetumwa, na kazi niliifanya. Kila tulichoonyeshwa nilikikariri kama mistari ya Shule ya Jumapili. Mnara wa Bunge wenye saa, na ile picha iliyochongwa ukutani. Makumbusho, na ndovu wa sanamu aliyesimama uani, pembe zake zikikaribia kugusa chini. Kwenye makumbusho ya reli tulipanda behewa la zamani ambalo simba aliingia akamtoa mzungu aliyekuwa amelala, na Naliaka akakataa kuketi, akasema simba anaweza kuwa bado yuko chini ya kiti. Kwenye Bustani ya Uhuru tulizungushwa kwa mashua ya kasia katika maji ya rangi ya chai, na baba, ambaye hakujua kuogelea, alishika ukingo wa mashua kwa mikono miwili na kucheka kwa woga. Sikuwa nimewahi kumsikia akicheka hivyo. Nililiweka hilo nalo kwenye vitu vya kumpelekea mama.

Tulinunuliwa soda. Tulinunuliwa chipsi. Tulinunuliwa aiskrimu, Naliaka akalia kwamba inamchoma ulimi, akanunuliwa biskuti. Baba alikuwa akiuliza kila mara, "Mnafurahi? Mmefurahi kweli?" Na sisi, wajinga wa Mungu, tukijibu ndiyo, baba, tumefurahi. Kisha akatupandisha juu ya lile jumba la mikutano, lile refu la mviringo ambalo kwangu lilifanana na ghala la mahindi lililosahau kuacha kukua. Lifti ilinipanda tumboni. Huko juu upepo ulikuwa mkali, magari chini yakawa madogo mno, na mji wote ukawa umetandazwa mbele yetu mpaka kwenye vilima. Nikauliza nyumbani ni upande gani. Baba akanyoosha mkono magharibi. Nikapunga mkono, nikapiga kelele, "Mama! Nakuona!" na watu wakacheka. Baba hakucheka. Alitazama saa yake ya mkononi, akatazama chini kwenye saa ya Bunge, akatazama tena yake. Nilidhani anairekebisha ipatane na ya Serikali. Nikasema moyoni, hili nalo mama atalipenda.

Njiani kurudi sikulala. Naliaka alilala mapajani mwa baba, mimi nilikuwa nikipanga masimulizi yangu: nianze na simba, au nianze na lifti? Nikaamua simba, kwa sababu mama alipenda hadithi za kutisha. Tuliposhuka na kuikaribia njia ya kwetu, nilimwacha baba na mizigo nikakimbia. Nikafika kwenye misaiprasi. Hapakuwa na mtu. Nikasema labda anatuchezea, amejificha, nikazunguka mti kwa mti nikiita. Aliyetokea jikoni ni shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, amejifunga leso ya kazi, mikono imejaa unga.

"Mama yuko wapi?"

"Karibuni, watoto. Mmefika salama?"

"Mama yuko wapi, shangazi?"

"Ameenda kwao Lubao. Njooni mle obusuma, ugali umeiva."

Nikamsukuma nikaingia jikoni. Kwetu mafiga ya mwanamke ni yake, mwenzake hapikii juu yake, na yale mawe ya mama nilikuwa nayajua kuliko nilivyojua meno yangu. Hayakuwapo. Shangazi alikuwa akipika juu ya mawe mengine, mapya, ambayo bado hayakuwa na masizi. Ya mama niliyakuta yametupwa nyuma, kwenye migomba. Hapo nilielewa bila kuambiwa na mtu. Nilirudi mbele nikamkuta baba ameketi, hata koti hajavua, nikamuuliza mama atarudi lini. Akaniangalia viatuni. Akasema, "Si nimewaonyesha Nairobi? Ni watoto wangapi hapa Mautuma wameona Nairobi?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo nilikuwa nimeiandika darasani kwa mwandiko mzuri nikapewa alama zote, kumbe sikuwa na habari nayo.

Mengine niliyaokota kidogo kidogo, kwa kusikiliza milangoni. Mama alikuwa amezaa sisi wawili, wasichana, kisha tumbo likafunga. Nyanya, mama mzazi wa baba, alikuwa hamwachi apumue: boma bila mvulana ni boma gani? Kanisa halikuruhusu wake wawili, na baba alikuwa mzee wa kanisa, hivyo ili mmoja aingie ilibidi mwingine atoke. Wazee wa pande zote walikuwa wamekutana sebuleni kwetu mara nyingi mwaka ule, na tulipopita karibu wakawa wanazungumzia mvua. Penye wazee haliharibiki neno, wanasema. Kwetu ndio walioliharibu. Walikubaliana wajomba zangu waje wamchukue dada yao, na sisi tubaki, kwa kuwa watoto ni wa ukoo wa baba. Ilibaki shida moja tu: sisi wenyewe. Tungelia. Tungemfuata barabarani. Ndiyo maana tukapelekwa kumwona ndovu wa sanamu. Yule jogoo hakuwa wangu. Mgeni mkubwa aliyekuwa anaondoka alikuwa mama, na alijipikia mwenyewe karamu ya kuagwa, akaimba.

Shule ilipofunguliwa mwalimu aliniita mbele, niwaeleze wenzangu Nairobi ikoje. Nikasimama kimya. Akanibembeleza, akanitisha, mwisho akanichapa. Sikusema. Masimulizi yale yalikuwa na mwenyewe. Kabla mahindi hayajavunwa, mama wa kambo alikuwa ameingia, msichana mpole ambaye sina neno naye, na alimzaa yule mvulana. Baba alifurahi, akawa mzee mwenye kuongea. Wageni wakija alikuwa akisema, "Hawa wangu niliwapeleka Nairobi wakiwa wadogo," na mimi nilikuwa nikitoka nje. Nilimchukia mpaka siku tulipomzika. Nasema ukweli. Nililia kwa sababu watu walikuwa wananiangalia.

Mama tulimpata tena tukiwa wasichana wakubwa, Lubao, akiuza ndizi sokoni, amekonda, kicheko chake ni kilekile. Tukaanza kutembeleana. Juu ya siku zile hatukuwahi kugusa hata neno. Kila mmoja alilipita jambo hilo kwa mbali, kama mtu anavyoipita nyumba yenye mbwa. Kisha mwaka jana akaja kwangu. Siku hizi ninaishi Nairobi, nafanya kazi katikati ya mji, na saa ya Bunge naipita asubuhi na jioni bila kuinua kichwa. Wanangu sijawahi kuwapeleka popote pale. Wameniomba, nimewaambia waende na shule. Mama alikuja kutibiwa macho, na alipofunguliwa bandeji na kuambiwa anaona vizuri, ombi lake la kwanza likawa hilo: "Nipeleke pale juu. Pale baba yenu aliwapeleka."

Tukapanda. Mji umeongezeka. Majumba marefu yamelizunguka lile letu mpaka limekuwa fupi, na vilima havionekani vizuri tena kwa sababu ya vumbi na ujenzi. Watu walikuwa wakijipiga picha kwa simu, hakuna aliyekuwa akitazama chochote. Mama alishika kizuizi, leso inapepea, akatazama muda mrefu, kila upande, kwa macho yake mapya. Akauliza Lubao ni wapi. Nikamwonyesha magharibi.

"Kwa hivyo ulikuwa hapa," akasema. "Mimi wakati huo nilikuwa nimekalia sanduku langu kwa trela ya mjomba wako, tumefika Kabras, katikati ya miwa. Nilikuwa nauliza moyoni, sasa Nekesa anaona nini."

Nikaishika leso yake isipeperuke.

"Baba yako usimlaumu kwa hilo. Mengine mlaumu. Hilo la Nairobi ni mimi. Nilimwambia, kama lazima nitoke, wapeleke watoto mbali, mahali pazuri, ndiyo nitatoka. Ungeshika nguo yangu, mama, ningekaa. Na ningekaa pale ningekufa. Yeye alikuwa anakataa. Alisema atawaambia ukweli. Nikamwambia hapana, ukiwaambia mimi sitoki."

Upepo ulikuwa ukivuma. Miaka yote ile nilikuwa nimemweka mama upande mmoja na baba upande wa pili, nikajua ni nani wa kupenda na nani wa kuchukia, na maisha yakaenda. Kumbe aliponibana kwa magoti yake na kunisuka alikuwa anajua. Aliposema atanisubiri langoni, alijua hatakuwapo. Alinituma kazi ambayo hakuwa na nia ya kuipokea, ili niwe na shughuli, nisigeuke nyuma. Baba walau alishindwa kuniangalia usoni. Mama alinitazama macho kwa macho, akasema hachoki.

Akanigeukia. Alikuwa akitabasamu, mwanamke mzee mwenye macho mapya, amefurahi kama mtoto aliyetolewa matembezi. Akanishika mkono. "Haya," akasema, "si nilikwambia uje unisimulie? Nimengoja sana. Uliona nini?"

Simba alikuwepo. Ndovu, mashua, kicheko cha baba, saa mbili zilizolinganishwa, vyote vilikuwa mahali pale nilipoviweka, havijaguswa na mtu. Ninyi mnaonisoma mmevisikia kabla yake.

"Nimesahau, mama," nikamwambia. "Ni zamani sana."

Akanipigapiga mkono, akasema si neno, akaendelea kutazama upande wa Lubao. Nikamwambia tushuke, baridi itamdhuru macho.