Alijifungua Akiwa Kwenye Majaribio, na Kazi Ikamsubiri

Shuka linatoka kwenye mashine ya kunyooshea likiwa bado linafuka mvuke. Mwanamke mfupi aliyejifunga kitambaa cha bluu kichwani analidaka ncha mbili. Mwenzake, aliyesimama ng'ambo ya meza, anadaka mbili zilizobaki. Wanalivuta mpaka linatoa mlio, wanasogeleana, vidole vinapokezana, wanaachana, wanasogeleana tena. Shuka limekuwa mraba. Linapotua juu ya rundo, jingine limeshafika.

Hawaongei wala hawatazamani usoni.

"Tukitazamana tunacheka," anasema yule mfupi, "na tukicheka mashuka yanatupita."

Hapa ni kwenye kiwanda cha kufulia kinachohudumia hoteli na hospitali. Asubuhi nzima magari yanashusha mabunda machafu mlango wa nyuma na kupakia masafi mlango wa mbele. Katikati ya milango hiyo miwili pana joto, harufu ya sabuni na kelele za mashine zinazomfanya kila mtu aongee kama anagombana.

Yule mfupi wenzake wanamwita Pasi. Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza, kwa sababu hawezi kuliacha shuka lipite bila kulipitishia kiganja, hata kama mashine imeshafanya kazi yake. Yule wa ng'ambo ya meza wanamwita Spidi. Yeye haelezi sababu, na ukimtazama akikunja huna haja ya kuuliza.

Saa sita mchana mlinzi wa getini anapaza sauti: "Bosi kaja!"

Bosi ni mtoto wa miezi mitano, mashavu manene, amebebwa mgongoni na bibi yake. Pasi ananawa mikono hadi viwikoni, anakaa kwenye benchi nje ya chumba cha kubadilishia nguo na kumpakata. Mtoto ananyonya huku mkono mmoja umeshika aproni ya mama yake kama vile anaogopa mtu atamnyang'anya.

"Huyu aliingia kazini siku moja na mimi," anasema Pasi na kucheka. "Tofauti ni kwamba mimi nilifanyiwa usaili, yeye alipita bure."

*

Kabla ya hapo Pasi alifua nguo za watu majumbani kwa miaka kumi na moja. Alikuwa na nyumba zake za Jumatatu na nyumba zake za Alhamisi. Mwenye nyumba akisafiri, hana kazi. Mwenye nyumba akinunua mashine ya kufulia, hana kazi kabisa. Mumewe ni fundi viatu, ana meza yake pembeni mwa stendi ya mabasi, na mvua ikinyesha siku nzima naye hurudi nyumbani mikono mitupu.

Kwa hiyo aliposikia kiwandani wanatafuta watu, alikwenda. Alipewa rundo la taulo akunje huku msimamizi akimwangalia. Wiki iliyofuata akaitwa. Akaambiwa mshahara ni wa kila mwezi, na kwamba miezi sita ya mwanzo ni ya majaribio. Wakiridhika naye atathibitishwa. Wasiporidhika wataagana kwa amani.

"Nilirudi nyumbani natembea kama nimepewa mji," anakumbuka. "Mume wangu akaniuliza, 'Majaribio ndiyo nini?' Nikamwambia ni kama uchumba. Akasema, 'Basi usinune nune.'"

Jambo ambalo wote wawili hawakulijua ni kwamba tayari alikuwa mjamzito.

Walikuwa wameoana miaka tisa bila mtoto. Walishahangaika kwa madaktari, walishasikiliza ushauri wa kila shangazi, na mwishowe waliacha kulizungumza. Pasi alikuwa ameacha hata kuhesabu tarehe zake. Kizunguzungu kilipomshika wiki za kwanza mbele ya mashine za kukaushia, alidhani ni joto. Alipoanza kuchukia harufu ya sabuni, alidhani amechoka. Muuguzi wa zahanati ndiye aliyemfumbua macho.

"Alinigusa tumbo akanitazama hivi, akasema, 'Mama, mimba hii ina miezi minne. Ulikuwa unaishi nyumba gani na mwili wako?'"

Alicheka, akalia, akacheka tena. Mumewe alipoambiwa aliweka chini kiatu alichokuwa akikishona, akakichukua, akakiweka tena. Mteja aliyekuwa akikisubiri akauliza kama kuna msiba. "Hakuna msiba," mume akamjibu. "Leo kiatu chako bure, nenda."

Furaha ilidumu hadi jioni. Kisha Pasi akapiga hesabu kichwani: mtoto angezaliwa mwezi mmoja kabla majaribio hayajaisha.

*

Kila aliyeuliza kwa kuzungukazunguka alipata jibu lile lile. Jirani alisema wanaopewa likizo ya uzazi ni waliothibitishwa tu. Dada mmoja waliyekuwa wakifua naye majumbani alisema, "Wewe bado mgeni, utadai nini? Watakwambia nenda, tutakupigia." Wifi yake alimshauri anyamaze, avae magauni mapana, na akijifungua aseme aliugua.

Pasi akachagua kunyamaza. Alibadilisha aproni akachukua iliyompwaya. Alibeba mabunda ya mashuka mabichi kama wenzake ili asishukiwe, na kila alipoinuka alishika roho mkononi.

"Nilikuwa namwomba msamaha," anasema huku akimfuta mtoto mdomo. "Kila nikiinua bunda namwambia, nivumilie mwanangu, mama anakutafutia."

Lakini kukunja mashuka ni kazi ya watu wawili, na wawili hao hukutana kifua kwa kifua mara nyingi kwa siku. Asubuhi moja walikutana katikati, na kabla mikono haijafika, tumbo lilifika.

Spidi alisimama. Mashuka matatu yakapita yakaanguka sakafuni.

"Mdogo wangu," alimwambia kwa sauti ya chini, "hicho ni chakula cha jana au ni mtu?"

"Ni mtu, dada."

"Na hilo bunda ulilobeba asubuhi?"

Spidi, ambaye ana watoto watatu na hapendi maneno mengi, aliokota mashuka, akayarudisha kwenye toroli, akasema, "Kuanzia leo mabunda nabeba mimi. Na wiki hii hii unakwenda ofisini. Usipokwenda wewe, nitakwenda mimi, na mimi sijui kusema kwa upole."

*

Usiku kabla ya kwenda, mume alijitolea kuwa meneja ili mkewe afanye mazoezi. Alivaa koti lake la harusi, akakalia ndoo iliyopinduliwa, akakunja uso.

"Ndiyo, mama. Una shida gani?"

"Bosi, nimekuja kukueleza kuwa nina ujauzito."

"Umefukuzwa!"

"Sijamaliza hata kusema!"

"Mameneja hawangoji umalize."

Walirudia mara tatu, na mara zote tatu alifukuzwa. Mara ya nne Pasi alimrushia kandambili, ndoo ikateleza, meneja akaenda chini na koti lake. Walicheka hadi mama mkwe akagonga ukuta kutoka chumba cha pili. Kisha wakazima taa. Mume akamshika mkono akasema, "Wakikutoa, watakuwa wamekutoa. Tulikuwa tunaishi hata kabla ya hicho kiwanda. Lakini usimbebe mwanangu chini ya aproni kama kitu cha wizi."

"Neno hilo ndilo lililonipeleka," anasema Pasi.

Kesho yake alimfuata msimamizi, mwanamume mrefu mkavu ambaye anajulikana kwa kugundua doa hata likiwa upande wa chini. Maneno yote aliyoyapanga yakamtoroka. Akabaki anasema, "Bosi, nina jambo. Sijui nianzie wapi. Naomba usinielewe vibaya."

Msimamizi akashusha kalamu. "Usiniambie unaacha kazi."

"Hapana, mimi..."

"Kama kuna hoteli inakushawishi, ngoja kwanza tuongee. Tangu uje wateja hawarudishi mashuka. Usinifanyie hivyo, mama."

"Bosi, nina mimba."

Msimamizi akamtazama, akatazama mlango, akamtazama tena. "Ulikuja nayo?"

"Nilikuja nayo, lakini hakuniambia kama yupo."

Msimamizi, kwa mujibu wa Pasi, alijitahidi sana asicheke na akashindwa. Kisha akawa makini tena. Alisema hajui kanuni inasemaje kwa mtu aliye kwenye majaribio, na kwamba hajawahi kukutana na jambo hilo. Angelipeleka juu. Pasi arudi kazini, asubiri.

Alisubiri kutoka Jumatano hadi Jumatatu. Anasema siku hizo zilikuwa ndefu kuliko miezi tisa.

*

Jumatatu aliitwa kwenye ofisi ya meneja. Palikuwa na meneja mwenyewe, msimamizi, na afisa utumishi, mwanamke wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa uzi.

Meneja hakuzunguka. Alisema kiwanda kilimwajiri mtu wa kufanya kazi miezi sita mfululizo ili wampime, na sasa mtu huyo anaondoka kabla kipimo hakijaisha. Alisema inaonekana kama walifichwa. Alipendekeza waachane vizuri, kisha akishalea arudi kuomba upya.

"Nikaikumbuka ile ndoo," anasema Pasi. "Nikasema moyoni, mume wangu kumbe alijua kuigiza."

Afisa utumishi akavaa miwani. "Bosi, sheria yetu ya kazi haiulizi mama ameanza lini. Inauliza kama ni mfanyakazi. Huyu ni mfanyakazi tangu siku ile alipoingia. Likizo ya uzazi ni yake, miezi mitatu, na mshahara wake."

"Hata kwenye majaribio?"

"Hata kwenye majaribio. Na ukimwondoa kwa sababu ya mimba, hilo haliitwi kuachana vizuri. Lina jina jingine, na jina hilo linatamkwa mahakamani."

Meneja hakupandisha sauti. Aliuliza swali ambalo Pasi anasema lilikuwa la haki: sasa kipimo chake kinakuwaje? Afisa hakuwa na uhakika, na alisema hivyo hivyo. Akapiga simu kwa afisa kazi wa serikali hapo hapo, akaweka simu mezani wote wasikie. Jibu likatoka katikati ya mikwaruzo: mwezi utakaobaki unasimama anapoondoka, unaendelea anaporudi.

Meneja akamgeukia msimamizi. "Na wewe unasemaje?"

"Mimi sheria siijui," msimamizi akajibu. "Ninachokijua ni mashuka. Kwa mashuka, namtaka arudi."

Meneja akashusha pumzi, akazungusha kiti chake, akasema, "Basi mtoeni kwenye mabunda na joto. Apewe kiti, akunje foronya."

Pasi alitoka nje ya ofisi, akakaa kwenye ngazi na kulia mpaka Spidi akaja kumtafuta. Spidi alipoona machozi alianza kukunja mikono ya blauzi tayari kwa vita. Ikabidi Pasi amshike kiuno amweleze kwamba wameshinda.

Foronya, hata hivyo, zilimchosha. "Ni ndogo, ni nyingi, na hazina wa kukutana naye katikati," anasema. "Niliyamiss mashuka kama watu."

Mtoto alizaliwa salama asubuhi ya Jumapili, wa kike, huku baba yake akiwa mlangoni amevaa lile koti la harusi. Kazini walituma shuka moja la kitanda kidogo, limekunjwa na Spidi. Mshahara uliingia mwezi wa kwanza, wa pili na wa tatu. "Kila ukiingia nilikuwa naona kama wamekosea," Pasi anakiri.

Aliporudi alimalizia mwezi wake wa majaribio kama ulivyosimama. Siku ya mwisho msimamizi alimpitia mezani, akageuza shuka upande wa chini, akalitazama, akalirudisha kwenye rundo. Mchana afisa utumishi akamwita kumpa mkono: amethibitishwa.

*

Sasa Pasi ana mipango. Wafanyakazi watachagua mwakilishi wao mwishoni mwa mwaka, na amejiandikisha kugombea. Spidi ndiye meneja wake wa kampeni, na kampeni yenyewe ni kumwambia kila mtu, "Mchague huyu, nimesema." Akipita, jambo la kwanza ataomba kile chumba kidogo kilichojaa ndoo zilizovunjika kisafishwe, kina mama wanyonyeshe humo badala ya kukaa kwenye benchi ya nje.

Wakati huohuo afisa utumishi amempa kazi ndogo isiyo na malipo: kila wanapokuja wafanyakazi wapya, Pasi huwapokea na kuwatembeza. Mchana huu ni watatu, wasichana wawili na dereva kijana wa gari la mizigo. Anawaonyesha mashine, mlango wa dharura, mahali pa maji ya kunywa. Kisha anasimama, mtoto begani, na kuwaambia kwa sauti ya kushinda mashine:

"Mko kwenye majaribio, siyo kwenye kifungo. Mwanamke akipata mimba, asijifiche. Aende ofisini. Likizo ni yake hata kama ameingia jana."

Wasichana wanatazamana. Dereva anakuna kichwa, anainua mkono.

"Na sisi kina baba je, dada? Mke wangu yuko karibu."

Ni wazi Pasi hajawahi kuulizwa swali hilo. Anamhamisha mtoto bega la pili, na uso wake unachangamka kama wa mtu aliyeokota kitu njiani.

"Sijui," anamwambia. "Lakini twende wote ofisini tukaulize."