Nilivyoikata Sauti ya Marehemu Rajabu

Jamani, habari hii nimeshaichoka mwenyewe, lakini kila nikikaa kwenye kahawa hapa Ngamiani lazima atokee mtu aseme, "Hamisi, hebu tueleze ile siku ya mashine," na anacheka kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo bora niieleze mimi mwenye aibu yangu kuliko kuisikia kwa watu ambao hata hawakuwepo (wao wanaongeza chumvi, eti nililia, sikulia, jasho liliniingia machoni).

Mimi nilikuwa mpiga tarumbeta wa Mawimbi Jazz. Mwimbaji wetu wa kwanza alikuwa Rajabu, kijana wa Mwera huko Pangani, akafa kwa homa kabla bendi haijajulikana, hata santuri yetu moja hakuiona. Ila siku zile za mwanzo, tulipokuwa tukifanya mazoezi nyuma ya duka la Bwana Kanji, muuza santuri, yeye alikuwa anatunasa sauti kwa mashine yake ya mikanda, kisha mikanda akaitia kabatini ikakaa humo miaka. Sasa bendi imevuma, Bwana Kanji akaja na shauri kwamba zile nyimbo za zamani ambazo hazijapata kutoka tuzikusanye, azitoe kwa santuri. Kiongozi wetu, Mzee Sefu, akakubali, lakini akasema sauti ya marehemu haiendi dukani mpaka mama yake aruhusu.

Basi akaletwa Bi Mwanaidi, mama yake Rajabu, kwa basi, mtu mzima wa buibui na tasbihi mkononi, na maisha yake yote hajapata kumsikia mwanawe akiimba kwa sababu mambo ya dansi hakuyataka nyumbani kwake. Tukamkalisha mbele kwenye ukumbi wetu, na maneno yalikuwa yameshaenea, ukumbi ukajaa hadi madirishani. Mkanda ukawekwa, kipaza sauti kikachomekwa kwenye mashine tayari, maana tulitaka na maneno ya ruhusa yake yanaswe. Hapo ndipo Bwana Kanji akaitwa dukani kwake mara moja. Akaniambia, "Hamisi, mimi narudi sasa hivi. Wewe usiguse kitu."

Nami nimetoka bandarini kubeba marobota ya mkonge tangu alfajiri, mgongo unaniuma, joto limejaa ukumbini, Bwana Kanji haonekani, na Bi Mwanaidi anauliza kwa upole, "Wanangu, basi langu la kurudi halitaniacha?" Mzee Sefu akanitazama. "Hamisi, mashine hii unaijua?"

Nikasema naijua. (Nilichokuwa nakijua ni uzito wake, kwa kuwa mimi ndiye niliyeibeba kutoka garini.)

Nikabonyeza, ikazunguka, nikajisikia fundi. Kumbe ina mwendo wa aina tatu, na mimi nimeigeuzia ule wa mbio; marehemu Rajabu, mwenye sauti ya kutuliza ukumbi mzima, akatoka analia piu-piu kama kifaranga. Watu madirishani wakaangua kicheko. Bi Mwanaidi akainamisha kichwa.

"Huyo ndiye nani?"

"Ndiye Rajabu, mama."

"Mwanangu hakuwa hivyo."

Ningeacha hapo ingekuwa nafuu, ila kicheko cha watu kinamtia mtu wazimu, nikazungusha hiki, nikavuta kile, sauti ikazama ikawa ya fahali anayekoroma, nikazungusha tena, ikanyamaza kabisa, mkanda ukarudi nyuma mbio karibu na mwanzo, nami nikabonyeza vitufe viwili kwa pamoja nikisema peke yangu, "Mungu wangu, kipi hiki? Zima basi, zima!" na nilipojaribu kuushika mkanda kwa mkono ukachomoka upande mmoja, mashine ikazidi kuutema sakafuni, ukanizonga miguu, nikaangukia ngoma za watu kwa kishindo.

Bwana Kanji akarudi akanikuta nimelala na ngoma. Hakunitukana, na hilo liliniuma zaidi. Akaukunjua mkanda taratibu, akaurudisha mwanzo, akaiweka mashine kwenye mwendo wake. Gitaa likaingia, tarumbeta yangu ya ujana ikaingia, ukumbi ukatulia, watu wakanyoosha shingo kumsubiri Rajabu, na badala yake tukasikia, kubwa na safi, "Mungu wangu, kipi hiki? Zima basi, zima!" na kishindo cha ngoma.

Vile vitufe viwili vilikuwa vya kunasa. Ubeti wote wa kwanza nimeufuta, na mkanda ni huo huo mmoja duniani.

Hakuna aliyecheka sasa. Mimi nilitamani sakafu inimeze. Kisha ubeti wa pili ukaanza, Rajabu mwenyewe, sauti yake ileile, na Bi Mwanaidi akaacha kuhesabu tasbihi. Akasikiliza mpaka mwisho, machozi yanamtoka bila kwikwi.

"Huyu ndiye," akasema. "Rudieni."

Wakarudia. Kisha akanigeukia.

"Na hiyo tarumbeta anapiga nani?"

"Ni mimi, mama. Nisamehe."

Akaishika tena tasbihi yake. "Basi ungepiga tarumbeta tu, mwanangu."

Akawaambia kina Mzee Sefu watoe santuri yao, yeye ameridhia, ila yule mpiga kelele wa mwanzoni wamwondoe. Wakaniondoa. Mpaka leo wimbo ule unaanza katikati, na kila unapopigwa harusini mtu huuliza mwanzo wake uko wapi, mimi natoka nje kana kwamba nimeitwa.

Tangu siku ile nikiambiwa usiguse, naweka mikono nyuma, na sijasema tena naijua mashine yoyote. Hata redio ya nyumbani mke wangu ndiye anayeiwasha. Akisafiri kwenda kwao Muheza, nakaa kimya hadi arudi.