Nati Iliyokazwa kwa Vidole

Mjomba wangu ni fundi bomba, na kwa muda mrefu mtaa mzima ulimwita Presha. Hakuna aliyehitaji kuelezwa sababu. Alikuwa mtu wa kuwaka. Ukimpa spana isiyo saizi yake, anawaka. Mteja akiuliza kazi itaisha lini, anawaka. Bomba likigoma kufunguka, analitukania ukoo. Mkewe alikuwa akisema, "Huyu anafunga maji ya watu wote, ila yeye mwenyewe hana koki."

Kisha daktari akampima na kumwambia kwamba jina lake la utani limegeuka ugonjwa. Akapewa vidonge, akaelekezwa pia kwenye uwanja wa nyuma wa zahanati, ambako mwalimu wa mazoezi aliwafundisha wagonjwa kunyoosha mikono polepole, kama watu wanaosogeza pazia wasilotaka lipige kelele. Mwalimu huyo alikuwa na maneno. Aliwaeleza kwamba mazoezi yale yanakwenda pamoja na mafundisho ya kale ya China yanayoitwa Tao, yaani Njia. Wahenga wa Njia, alisema, waliyatazama maji wakajifunza kuishi. Maji hayagombani na jiwe, yanalizunguka, na mwisho wa yote jiwe ndilo linalolika. Basi mtu naye atende bila kulazimisha, aache kila kitu kifuate asili yake, na moyo utatulia.

Mjomba alirudi nyumbani ameshikwa na maneno hayo.

"Maisha yangu yote napigana na maji," alimwambia binti yake, "kumbe yalikuwa yananifundisha."

"Yalikufundisha nini, baba?"

"Kunyamaza."

"Basi ulikuwa umekaa nyuma kabisa darasani," alisema binti.

Huyu binti ndiye anayefanya naye kazi. Wanamwita Spana, kwa sababu alipokuwa mtoto alilala na spana ya baba yake kama wenzake walivyolala na mwanasesere. Amesomea ufundi bomba, na kusoma kwenyewe kulipiganiwa. Mkuu wa chuo alipodai kwamba kozi ile ni ya wavulana, Presha alikwenda kuwaka ofisini kwake mpaka makarani wakatoka nje, na nafasi ikapatikana. Mtu akikumbuka hasira za mjomba wangu, aikumbuke na hiyo.

Sina ugomvi na Njia. Ilimsaidia. Sauti yake ilishuka, presha ikashuka, mkewe akaanza kuhadithia habari zake akicheka badala ya kulia. Ugomvi wangu ni na tabia yetu wanadamu ya kupewa maji ya kuoga, kisha tukayatumia kunawia mikono tu. Tunalipenda fundisho linalotupumzisha, na tunalikimbia palepale linapoanza kutudai.

Siku moja ya Ijumaa baba na binti walikuwa saluni, wakifunga masinki mapya ya kuoshea nywele. Kazi ilikuwa ndogo, lakini nyuma yake kulikuwa na kubwa. Kaka yake mama mwenye saluni alikuwa anajenga nyumba ya ghorofa, na mama huyo alikuwa ameahidi kumpeleka Spana kwake. Ingekuwa kazi yake ya kwanza kuisimamia mwenyewe, bila kuwa chini ya baba.

Sinki la mwisho alilifunga Mjomba. Spana alikuwa upande wa pili akiunganisha hita. Alipomaliza aliinama akachungulia.

"Baba, nati ya mpira wa maji umeikaza na spana?"

"Nimeikaza kwa vidole. Imefika inapotaka kufika."

"Nati haitaki kitu, baba. Nati inakazwa."

"Usilazimishe, mwanangu. Unaona tone hapo?"

Tone halikuwepo. Mchana maji ya mtaa ule huja kwa unyonge. Spana aliishika spana, akasita. Mwenye kumfundisha kazi hii alikuwa ndiye yule aliyelala chali chini ya sinki, akitabasamu. Akairudisha spana kwenye sanduku.

Usiku watu wakilala, koki zikifungwa nyumba hadi nyumba, maji hupata nguvu. Mama wa saluni alipofungua Jumamosi asubuhi alikuta viatu vyake vya akiba vinaelea. Kabati za mbao zilikuwa zimevimba mpaka droo hazitoki. Aliwapigia simu mafundi. Walipofika, wateja walikuwa wamejaa tayari, maana Jumamosi hakuna anayeahirisha nywele. Wamekaa wameinua miguu juu ya viti, povu kichwani.

"Njooni muone bahari yenu," alisema mama wa saluni. Hakumtazama Mjomba. Alimtazama Spana. "Nilijua. Watu waliniambia, msichana na bomba wapi na wapi, nikasema hapana, tumpe moyo. Moyo wenyewe ndio huu."

"Kucha zenyewe hana," alidakia mteja mmoja. "Nikajua huyu fundi."

"Kumbe hana kucha wala ufundi," alisema mwingine, na viti vikacheka.

Spana aligeuka akamtazama baba yake.

Kila mtu aliyemjua Presha angekwambia kitakachofuata. Saluni ile ingeezuliwa paa kwa sauti. Lakini Mjomba alisimama katikati ya maji, akafumba macho, akavuta pumzi polepole kama alivyofundishwa, akaitoa. Uso wake ulikuwa mtulivu kweli. Alikuwa hagombani na jiwe.

Binti yake alingoja. Kisha akapiga magoti kwenye maji, akaingiza mkono chini ya sinki, akaikuta nati ile inazunguka yenyewe. Akaikaza. "Samahani, mama," alisema akiwa bado chini. "Tutakausha, na kabati nitaleta seremala azitazame."

"Kabati ni zangu. Wewe usirudi hapa. Na kaka yangu nitamwambia asihangaike na wewe."

Walikausha. Walirudi kwenye kibanda chao cha kazi, Spana mbele na sanduku, Mjomba nyuma na ndoo. Spana alipoweka sanduku chini ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeuliza njia:

"Baba, ulipofumba macho, ulikuwa unaona nini?"

"Nilikuwa natuliza moyo."

"Wa nani?"

Mjomba aliitua ndoo.

"Zamani ulikuwa unanigombeza mbele ya watu," alisema Spana. "Nilikuwa naona haya mpaka nataka kuingia ndani ya bomba. Lakini hukuwahi kuniacha peke yangu. Heri ungewaka."

Akaenda zake kuanika nguo zilizolowa.

Mjomba alikaa juu ya ndoo iliyogeuzwa. Alijaribu kupumua kama kule zahanati. Pumzi iliingia, ikakwama kifuani kama taka kwenye bomba. Alifumba macho akayafumbua haraka, maana humo ndani alimkuta binti yake amepiga magoti majini. Uso ulimwaka moto, na safari hii hapakuwa na mtu wa kumrushia moto ule. Aliona jambo rahisi na baya: pale saluni hakuwa ametulia. Alikuwa ameogopa. Aliogopa vicheko, aliogopa kuitwa mzee aliyeishiwa, na woga wake akauvisha nguo za wahenga.

Na aliona la pili. Mwalimu wa mazoezi aliwaambia pia kwamba maji huteremka mpaka mahali pa chini, pale ambapo watu hawapendi kukaa. Neno hilo Mjomba alikuwa amelisikia, lakini akaliruka. Asubuhi ile mahali pa chini palikuwa chini ya sinki, na aliyeteremka alikuwa binti yake.

Wengine wangemshauri angoje saluni ifungwe, azungumze na mama yule pembeni, watu wazima wawili. Lakini aibu aliyovishwa mtu hadharani haivuliwi chumbani. Alikwenda mchana uleule, wateja wakiwa palepale, nguo zikiwa hazijamkauka.

"Umesahau ndoo?" aliuliza mama wa saluni.

"Nimekuja kusema. Ile nati nilifunga mimi. Binti yangu aliniuliza kama nimeikaza, nikamwambia nimeikaza kwa vidole, asilazimishe."

Mikono ya wasusi ilisimama vichwani.

"Asilazimishe nini?"

Mjomba ilibidi aeleze. Alieleza Njia, maji, jiwe. Kwenye uwanja wa zahanati maneno yale yalikuwa na uzito. Pale, kati ya mashine za kukaushia nywele, yalimtoka kama vijiko vinavyoanguka.

"Ngoja nielewe," alisema mama wa saluni. "Yaani umenifurikia duka kwa ajili ya wazee wa China?"

Vicheko vilianza upya, na safari hii vilikuwa vyake. Mjomba alivisikiliza vyote. Macho aliyaacha wazi.

"Wale wazee hawana kosa, mama. Kosa ni langu."

"Na asubuhi mbona ulinyamaza? Tulidhani unatuombea."

"Niliogopa."

Yule mteja wa kucha akaangalia chini. Mama wa saluni alifuta mikono, akachukua simu, akampigia kaka yake palepale, sauti nje ili wote wasikie. Akamweleza. Upande wa pili kulikuwa na kelele za mashine ya zege, kisha sauti: "Sasa mimi nifanyeje? Binti aje Jumatatu nimuone. Ila huyo mzee nisimuone hapa."

"Umesikia?"

"Nimesikia," alisema Mjomba. "Asante."

Kibandani alimwambia binti yake kwamba anasubiriwa Jumatatu, na kwamba amesema kila kitu mbele ya watu walewale. Spana aliendelea kusugua kutu kwenye koleo. "Sawa, baba," alisema.

Jumatatu Mjomba aliomba kumbebea sanduku, naye akamwachia. Alilibeba mpaka kwenye lango la jengo, akaliweka chini, maana kupita hapo hakuruhusiwa. Spana alilifungua akakagua vifaa kimoja kimoja, kama alivyofundishwa.

"Ukifika nyumbani," alisema, "koki ya jikoni inavuja."

"Nitaitazama."

"Usiitazame, baba. Ikaze."

Akaingia ndani. Mjomba alirudi kwa miguu, mikono mitupu, akipita mbele ya saluni kwa kuwa njia ni hiyo tu. Siku hizi mtaani hawamwiti tena Presha. Wale wanawake wa Jumamosi walimpa jina jipya, likaenea kabla kabati hazijakauka. Wanamwita Vidole. Kila wakimwita, shingo inamwinama kidogo, na anaitika.