Kopo Chini ya Mtungi

Nilipoanza kutokwa damu chooni, nesi alinipa dawa zenye umbo la risasi: ninawe mikono, nilale ubavu, niingize moja nyuma. Joto la Same likaanza kuziyeyusha, nikazitia kwenye kopo na kulifukia katika mchanga uliolowa chini ya mtungi wa bweni. Kiranja akalifukua. Sukari ilikuwa haionekani madukani, akadhani kapata peremende. Akamenya moja, akaitia mdomoni.

“Kaka, hiyo hupita mlango wa nyuma,” nikamwambia.

Akaitema. Bweni likacheka, naye kwa hasira akataka kuzitupa zote.

“Nichekeni mpendavyo, ila kopo lirudi kwenye ubaridi. Nesi kasema nimalize dozi, hata damu ikikoma.”

Akalirudisha. Nikanawa mikono, nikajifunika shuka mbele yao, nikalala ubavu.